Ukoo Wako Ni Upi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Undugu na Nasaba

Maswali haya nimeyaokota misibani, kwenye vikao vya harusi na kwa vijana wanaotaka kujua wajaze nini kwenye fomu zenye nafasi ya "ukoo". Mifano mingi ni ya kwetu Afrika Mashariki, kwa sababu ndiyo niliyokulia ndani yake.

Ukoo si ni damu tu? Kuna cha kuuliza hapo?

Kipo, tena kikubwa. Piga hesabu kidogo. Una wazazi 2. Babu na bibi ni 4, wazazi wao 8. Ukipanda vizazi saba utakuta watu 128, na ukipanda vizazi kumi ni 1,024, ingawa huko juu wengine watakuwa wamejirudia. Damu ya wote hao unayo. Sasa mchukue mzee anayejivunia kutaja baba, babu, baba wa babu, mpaka wa saba bila kukwama. Ametaja watu saba. Lakini kuanzia wazazi wake hadi kizazi hicho cha saba, waliomzaa ni 254. Hao 247 wengine wako wapi?

Hawakupotea. Wanahesabiwa kwingine, au hawahesabiwi kabisa. Damu huja kutoka pande zote bila kuchagua, ila jamii haiwezi kuishi na kumbukumbu ya watu elfu. Kwa hiyo inachagua mlango mmoja, au miwili, inasema: hawa ndio watu wako. Ukoo ni huo uchaguzi. Na haufanywi kwa sababu ya kumbukumbu tu. Unaamua utalima shamba la nani, nani atakaa mbele siku ya posa yako, nani huruhusiwi kumwoa, na ukifa utalazwa ardhi gani.

Familia, mlango, ukoo na kabila vinatofautiana vipi?

Kwa haraka: familia ni wale mnaokula na kulala pamoja, au mliowahi. Mlango ni tawi la ukoo linaloanzia kwa mzee mmoja mnayemkumbuka kwa jina. Ukoo ni milango mingi inayoamini ina chimbuko moja, hata kama hakuna awezaye kuunganisha majina yote. Kabila ni koo nyingi zenye lugha na mila moja. Usiyashike maneno haya kama sheria lakini, kwani sehemu za Pwani mtu akikuuliza "kabila lako?" huenda anauliza ukoo: Mmazrui, Mbarawa, Mshirazi.

Kuna njia ngapi za kufuata nasaba?

Kubwa ni tatu, na ya nne ni mchanganyiko.

Ya kwanza ni kwa baba. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake, naye atampa mwanawe ukoo huohuo. Binti huzaliwa ndani ya ukoo, ila watoto wake huenda kwa mumewe. Wachaga, Wahaya, Wakurya, Wajaluo, Wamasai, Waganda na Waarabu wa Omani wako hapa. Ndiyo njia ambayo wengi wetu huidhania kuwa ya watu wote duniani.

Ya pili ni kwa mama. Mtoto, awe wa kiume au wa kike, ni wa ukoo wa mama yake, lakini mtoto wa kiume hawezi kuupitisha ukoo huo mbele. Watoto wake watakuwa wa ukoo wa mkewe. Hapa wapo Waluguru, Wakaguru, Wamakonde, Wamwera, Wayao, na mkanda mrefu wa jamii unaotoka Msumbiji na Malawi, ukapita Zambia, ukaingia Kongo. Ghana wapo Waashanti. Huko Sumatra, Indonesia, Waminangkabau ni Waislamu na wanafuata ukoo wa mama, jambo linalowashangaza wageni. Lisitushangaze sisi: Ngazidja, hapo Komoro tu, nyumba na ardhi ya manyahuli, yaani mali ya ukoo wa mama, hupita kwa wanawake, mume huhamia kwa mke, na misikiti imejaa.

Ya tatu ni ya pande zote. Huna ukoo mmoja. Unao kadiri unavyoweza kuthibitisha. Kaskazini ya kisiwa cha Mafia mtu aliweza kuwa wa koo kadhaa kwa wakati mmoja, kupitia baba, mama, bibi yeyote, na akaomba shamba kupitia mlango wowote kati ya hiyo. Watu wa namna hii wana hesabu ndefu ya ndugu na vikao virefu zaidi.

Mchanganyiko ni kama wa Waduruma wa pwani ya Kenya. Kila mtu ana ukoo wa upande wa baba, ukulume, na ukoo wa upande wa mama, ukuche, na kila mmoja una kazi yake. Haushindani na mwenzake.

Kwenye ukoo wa mama, wanawake ndio wanaotawala?

Hapana, na hili ndilo kosa ninalolisikia zaidi. Ukoo kupitia kwa mama si utawala wa mama. Mara nyingi mwenye sauti ni mwanamume, ila si baba mzazi, ni mjomba. Kwa Wayao, dada kadhaa na watoto wao hufanya kundi liitwalo mbumba, na msimamizi wake ni kaka yao. Yeye ndiye anayeulizwa dada akigombana na mumewe, mpwa akitaka kuoa, au mtoto akiugua mara kwa mara. Baba wa watoto hao anawapenda, anawalisha, ila siku ya uamuzi anakaa pembeni. Yeye naye ana dada zake kwao, ana wapwa wanaomsubiri.

Hata hivyo si kweli kwamba hakuna tofauti kwa mwanamke. Anayezaa watoto wa ukoo wake, juu ya ardhi ya ukoo wake, ndoa ikivunjika hafungashi virago yeye. Anayefungasha ni mume.

Waluguru wanafanyaje hasa?

Milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, ina koo kadhaa kubwa, na kila ukoo una maeneo yake ya ardhi. Ukoo wanauita lukolo. Tawi la ukoo ni tombo, yaani titi: walionyonya pamoja. Sehemu za mashariki ya milima hiyo kuna mahali paitwapo Matombo, jina linalosemekana lilitokana na mawe yenye umbo la matiti, na mimi hulicheka kila nikilisikia, maana palipo na watu wanaohesabiana kwa kunyonya, hata mawe yameingia kwenye hesabu.

Mtoto ni wa ukoo wa mama. Lakini baba hafutwi: mtoto hupata jina linalotoka ukoo wa baba yake, kwa hiyo ukilisikia jina unajua pande zote mbili. Cheo nacho kilishuka kupitia wanawake. Kingalu wa Kinole, mzee aliyejulikana kwa mvua na ambaye jina lake hurithiwa mpaka leo, hakumwachia mwanawe kiti. Kilikwenda kwa mpwa, mtoto wa dada.

Kwa nini huko na si Kilimanjaro? Maelezo yanayonishawishi ni ya ng'ombe. Palipo na mifugo mingi, mali hutembea, inaibwa, inalindwa na vijana wa kiume, na inatumika kulipa mahari. Hapo baba hutaka wanawe karibu. Palipo na mbung'o ng'ombe hawastawi, mali ni jembe na ardhi, na anayelima sana ni mwanamke, kwa hiyo haina faida kumhamisha. Haielezi kila kitu, lakini ukipanga ramani ya mbung'o juu ya ramani ya ukoo wa mama, hutaweza kusema ni bahati tu.

Mahari inaingia wapi hapa?

Watu hugombana juu ya mahari kana kwamba ni bei ya mwanamke. Katika koo za baba, mahari kazi yake kubwa ilikuwa kwa watoto. Ng'ombe walipotoka kwa baba wa kijana kwenda kwa baba wa binti, haki ya kuwahesabu watoto ilisafiri upande wa pili. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi ilikuwa wazi kabisa: mtu akiishi na mwanamke bila kutoa ng'ombe, watoto walikuwa wa upande wa mama, na baba aliyetaka kuwachukua baadaye alilipa kuwakomboa. Baba mmoja aliweza kuwa na watoto wa koo mbili, kutegemea alilipa au hakulipa.

Ndiyo maana kwenye koo za mama mahari ilikuwa ndogo, ya heshima tu. Hakuna kilichohamishwa.

Kwa nini kaka wa baba ni "baba" lakini kaka wa mama si "baba"?

Swali zuri, na jibu lake limo kwenye Kiswahili chenyewe. Kaka wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo. Dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Lakini ukivuka jinsia, neno linabadilika: dada wa baba ni shangazi, kaka wa mama ni mjomba. Lugha inasema ndugu wa jinsia moja wanaweza kushika nafasi moja. Baba yako akifa, baba mdogo ni baba. Mjomba ni mtu mwingine kabisa. Unamtania, unamwomba, unamkimbilia ukifukuzwa nyumbani.

Mwaka 1871 mwanasheria Mmarekani Lewis Henry Morgan alichapisha kitabu kinene cha kulinganisha majina ya undugu ya mataifa mengi. Kilichomsukuma ni kugundua kwamba Waseneca, Wahindi Wekundu wa New York, walimwita kaka wa baba "baba". Kwake kilikuwa kioja. Mtoto yeyote wa Tanga angemwuliza: kwani ninyi mnamwitaje?

Watoto nao wanafuata mkondo huo. Wa baba mkubwa, baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo ni kaka na dada zako, basi. Wa shangazi na mjomba ni binamu, na ndio wa kutaniana nao. Hapa kuna mzaha wa historia: binamu limetoka Kiarabu, na huko maana yake ni mtoto wa kaka wa baba, yaani yuleyule ambaye Mswahili anamwita ndugu wa damu. Neno lilivuka bahari likabadilisha mtu.

Ukishuka chini kuna mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na hakuna anayeshtuka, kwa kuwa kizazi kimoja kikirukwa ukali hupungua.

Je, ni vibaya kuoa ndani ya ukoo?

Inategemea uko wapi, na hapa ndipo Waafrika Mashariki wawili wanaweza kushangaana mpaka chai ipoe. Kwa jamii nyingi za bara, kuoa mtu wa ukoo wako ni mwiko hata kama undugu wenu haujulikani. Waganda wana koo zaidi ya 50, kila moja na mwiko wake, omuziro: kamongo, tumbili, chui, fungo. Mtu wa ukoo wa tumbili hali tumbili wala haoi mtu wa ukoo huohuo, hata wawe wamekutana London na babu zao hawakuwahi kuonana. Isipokuwa ukoo wa kifalme: kwa desturi, Kabaka alihesabiwa kwenye ukoo wa mama yake, kwa hiyo koo nyingi ziliweza kutumaini kutoa mfalme. Siasa safi kabisa.

Sasa shuka Pwani, au vuka mpaka Maskati. Kuoa mtoto wa ami, yaani wa kaka wa baba, ni ndoa inayosifiwa: mali haitoki, tabia zinajulikana, na wazee hawahitaji kuchunguza. Mtu wa bara akisikia hushika kichwa. Mtu wa Pwani naye humshangaa anayempa binti yake mtu asiyemjua babu yake. Wote wawili wanalinda ukoo, kila mmoja kwa upande wake wa mlango.

Nimesikia koo tisa za Wagikuyu zina majina ya wanawake. Kwa hiyo wanafuata mama?

Hapana. Wagikuyu wanafuata baba. Lakini simulizi ya asili yao inasema Gikuyu na Mumbi walizaa mabinti, tisa kamili kama wanavyohesabu wenyewe, yaani kumi kwa kuepuka kuitaja namba hiyo, na koo zikachukua majina yao: Wanjiru, Wambui, Wangari na wenzao. Ndiyo kusema mlango wanapitia wanaume na kibao cha juu ya mlango kina jina la mwanamke.

Nasaba wanaihifadhi kwa namna nyingine tena. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba wa baba, wa pili la baba wa mama. Binti wa kwanza la mama wa baba, wa pili la mama wa mama. Ukijua mpangilio huu, orodha ya watoto wa nyumba moja inakutajia babu na bibi wote wanne bila kuuliza.

Mtu anaweza kuwa ndugu bila damu kabisa?

Sana. Huu ndio ushahidi mkubwa kwamba ukoo ni uamuzi.

Kunyonya, kwanza. Katika Uislamu mtoto aliyenyonyeshwa na mwanamke asiye mama yake, kabla ya kufikia miaka miwili, huwa mwanawe wa kunyonya. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyo mengi Pwani, ni minyonyo mitano. Hawezi kuoana na watoto wa mwanamke huyo. Harusi zimewahi kuvunjwa kwa bibi mmoja kukumbuka.

Kisha kitanda. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mume, hata majirani waseme nini. Ina mwangwi wa hadithi ya Mtume kwamba mtoto ni wa kitanda. Ninaipenda methali hii kwa sababu haidai kuijua damu. Inaamua kutouliza.

Halafu kuna ndoa zinazomshangaza mgeni. Kwa Wakurya wa Mara, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari na kuoa msichana. Watoto atakaowazaa msichana huyo ni wa nyumba ya yule mwanamke. Wanaiita nyumba ntobhu. Wanandi wa Kenya wanayo desturi kama hiyo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa ilimtambua mke wa ndoa hiyo kuwa na haki ya kurithi. Wanuer wa Sudan Kusini wanakwenda mbali zaidi: mwanamume akifa bila mtoto, ndugu yake humwoa mwanamke kwa jina la marehemu, na watoto ni wa marehemu. Baba yao alikufa kabla hawajatungwa mimba, na hakuna anayeliona kuwa tatizo.

Ongeza watani. Mzaramo na Mnyamwezi, Mchaga na Mpare: hawana babu mmoja, lakini msibani mtani ana ruhusa ambayo mtoto wa marehemu hana. Na Tanzania tulifika mahali pa kugeuza undugu kuwa sera. Mwaka 1962 Nyerere aliandika kwamba ujamaa msingi wake ni udugu wa kifamilia uliopanuliwa, na kwa miaka mingi "Ndugu" lilikuwa neno la kumwitia waziri na mfagizi.

Kipimo cha DNA hakijamaliza mjadala?

Kimemaliza mjadala mmoja: nani alimzaa nani. Tanzania vipimo hivyo vipo chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na sheria yake ni ya mwaka 2009. Lakini karatasi ya maabara haijui mahari ililipwa au haikulipwa, wala nani alikesha na mtoto akiwa na degedege.

Tena DNA yenyewe ina njia zake za kuchagua. Kromosomu Y hupita kwa baba na mwana tu, kama ukoo wa Kichaga. DNA ya mitokondria hupita kwa mama tu, kama lukolo ya Kiluguru. Ukipima moja ukaacha nyingine, umefanya kilekile wanachofanya wazee.

Basi watu wa Pwani ni Waarabu, Washirazi au Waafrika?

Swali limetesa watu tangu ukoloni, na hapa utafiti umesaidia. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya karibu mwaka 1250 na 1800, wengi wao kwenye miji ya kale ya pwani kama Manda, Mtwapa na Kilwa. Mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000. Mstari wa kina mama ulikuwa wa Kiafrika karibu wote. Mstari wa kina baba kwa wengi ulielekea Asia, na mwanzoni hasa Uajemi.

Kwa hiyo mzee wa Kilwa aliyesema "sisi ni Washirazi" hakuwa akidanganya. Alikuwa akihesabu kwa baba. Angehesabu kwa mama angepata jibu lingine, na lingekuwa kweli vilevile. Lugha iliyobaki, kwa njia, ni ya kina mama: Kiswahili ni Kibantu.

Masharifu wana jambo lao la pekee. Nasaba yao huenda baba kwa baba mpaka kwa Mtume Muhammad, lakini pale juu kabisa inapita kwa binti, Fatuma, mke wa Ali. Mnyororo mrefu wa wanaume umening'inia kwenye pete moja ya mwanamke.

Kwa nini misiba mingi inageuka ugomvi wa koo?

Kwa sababu kaburi ni hati ya ardhi, na ni jibu la mwisho la swali la "wewe ni wa nani". Kesi maarufu kuliko zote ni ya wakili S. M. Otieno wa Nairobi, Mjaluo, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, Mgikuyu, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Mwili ulikaa mochwari miezi mitano huku Kenya nzima ikisoma magazeti. Mahakama ya Rufani ikaupa ushindi ukoo, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya. Nadhani wengi walielewa siku hiyo kwamba unaweza kuishi miaka 30 mjini na mke uliyemchagua, na bado ukoo ukasubiri.

Sheria inasema nini kuhusu urithi?

Tanzania ina mifumo mitatu pembeni kwa pembeni: mila, Uislamu, na sheria ya mirathi iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni. Mila zilizoandikwa kwenye tangazo la serikali la 1963 zililenga makabila yanayofuata baba. Wa ukoo wa mama waliachwa na desturi zao bila kuandikiwa. Katika Uislamu binti hupata nusu ya fungu la kaka yake, ila analipata, wakati kwa mila nyingi za bara hakupata ardhi ya ukoo kabisa.

Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Mpwa wake alitaka mauzo yafutwe kwa kuwa mila haikumruhusu mwanamke kuuza. Jaji alisema mila hiyo inakiuka haki za binadamu zilizomo kwenye Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inakataa mila inayomnyima mwanamke ardhi. Kwenye karatasi mambo yako wazi. Kwenye kikao cha ukoo chini ya mwembe, leta karatasi hiyo mapema, kabla ya matanga kuanuliwa.

Nyaraka za serikali zinaweza kubadilisha ukoo?

Zinaweza kuua. Rwanda ilikuwa na koo kama Abasinga, Abagesera na Abazigaba, na ndani ya ukoo mmoja walikuwamo Wahutu, Watutsi na Watwa. Wabelgiji katika miaka ya 1930 wakaandika kabila kwenye vitambulisho, na mtoto akachukua la baba. Mwenye mama Mtutsi na baba Mhutu akawa Mhutu kwa wino. Mwaka 1994 wino huohuo ulisomwa kwenye vizuizi vya barabarani. Baada ya hapo Rwanda iliuondoa kwenye vitambulisho.

Nikitaka kuandika nasaba ya kwetu, nianzie wapi?

Anza na bibi, si babu. Babu atakupa mstari ulionyooka wa wanaume wenye sifa. Bibi atakuambia nani alizaliwa nje, nani aliletwa akiwa mtoto na akapewa jina la ukoo, na nani aliacha kutajwa kwa sababu ya deni. Andika kila mtu na mama yake. Uliza makaburi yako wapi na nani alipanda miti iliyo juu yake. Usiulize "ukoo wetu ulitoka wapi" mapema, maana hapo ndipo kila mtu husema Ethiopia, Misri au Yemeni, uliza kwanza "tulihamia hapa kwa sababu gani?" Mara nyingi jibu ni njaa, ugomvi au mke.

Na wewe mwandishi ni wa ukoo gani?

Nilijua litakuja. Baba yangu ni Mluguru wa Matombo, mama yangu ni Mchaga wa Machame. Kwa Waluguru mtoto ni wa mama, kwa hiyo Matombo wananiambia kwetu ni Machame. Kwa Wachaga mtoto ni wa baba, kwa hiyo Machame wananiambia kwetu ni Matombo. Wote wako sahihi. Shangazi yangu wa Matombo aliolewa na Mpare, na wanawe wanadaiwa na pande zote mbili. Wana mashamba mawili na michango ya misiba mara mbili, nami siwaonei wivu hiyo michango.

Miaka kadhaa iliyopita bibi mzaa baba alinishika mkono akanipeleka kwenye kipande cha shamba kando ya mto. Akasema: "Hili si la ukoo, mume wangu. Hili nililinunua mwenyewe kwa pesa ya ndizi." Lina migomba na mikarafuu mitatu. Nakwenda kulipalilia mara mbili kwa mwaka.